Risasi nyuma ya kiti cha Mama

Kitshanga, Jumamosi, siku ya posho

Nimefaulu, na bora ningeshindwa.

Tangu Papa alete baffle mpya, zile spika za televizyo, sauti yote ilitoka mbele. Zile mbili ndogo za nyuma zilikuwa kimya. Leo magaribi niliingia kwenye reglaje, mipangilio ya lekteri inayocheza filme, nikachagua sauti ipite kama ilivyo, baffle yenyewe iigawe. Zikaitika zote! Nilitaka kupiga kelele, lakini mimi na haya zangu…

Kisha filme ikafika kwenye vita. Risasi zikalia nyuma ya kiti cha Mama. Akamvuta mdogo wangu, wakalala chini.

“Muzime taa! Waasi wako ku mulima!”

“Mama, iko filme tu.”

“Filme njo inanipiga mu mugongo?”

Papa akacheka, halafu akaenda kuangalia kama mlango umefungwa.

Mama aliinuka. “Mutoto wangu, sauti uirudishe mbele. Ya nyuma uniachie, niko nasikiliza inje.”

Nimeirudisha. Sikumwambia kwamba hata mimi, na telekomande mkononi, nilikuwa nimekwisha kuvaa kiatu kimoja.