Surua Isiyochomoza

Dada mpendwa,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la zahanati hapa Gitega, na Kezia yuko mapajani kwangu, anaungua kwa homa. Ni mjukuu wako, mtoto wa Joselyne wako niliyekulelea. Mama yake yuko shambani Nyarusange. Nimemwita, bado hajafika.

Umenijia mawazoni tangu asubuhi, wewe na Muyinga ya mwaka ule tuliorudi kutoka kambini Tanzania. Siku za kwanza tulicheka sana, majirani wakiigiza Kirundi chetu, nawe ukinitania: "Mdogo wangu, we unasali mpaka maharage yanaungua!" Kisha Elisha wako akashikwa na homa, kikohozi, macho mekundu yanayotiririka. Wazee wakasema mtoto wa surua hatolewi nje mpaka vipele vichomoze, upepo usije ukavirudisha ndani. Tukafunga dirisha. Tukampaka pombe ya ndizi ili vitoke. Tukangoja vile vyekundu tulivyovizoea.

Havikuja, Dada. Mtoto alikuwa amekonda kwa safari, na kwake surua ilikuja na sura nyingine: mabaka meusi kama masizi, kisha ngozi ikabambuka. Ukaniuliza, "Hii nayo surua gani?" Tulipomfikisha kwa daktari, kifua kilikuwa kimeshajaa. Hakurudi nyumbani.

Leo Kezia ana macho yale yale, na kipele hata kimoja hana. Nilipokuwa namfunga mgongoni, jirani yetu wa mtaa wa Yoba alisimama mlangoni.

"We mama, unamupeleka wapi? Iko na mafua tu! Na kama ni surua, ngoja kwanza itoke. Upepo itairudisha ndani, utamwambia nini mama yake?"

Nikampita. Lakini upepo ulivuma kweli, Dada, nami nikamfunika kitenge njia nzima, maana maneno hayo nami nimekua nayo.

Muuguzi amemulika ndani ya shavu lake. Kuna vidoa vyeupe, kama punje za chumvi. Amesema ndivyo surua inavyojionyesha kabla ya vipele; amekwenda kumwita mwenzake, na sasa wanatuandalia chumba cha peke yetu. Kezia ameacha kulia. Heri angelia.

Nimeshasali, na Mungu anasikia. Ila hili nakuomba wewe, kwa kuwa nakujua: hukuweza kumwona mtoto ukaacha kumnyanyua. Huyu ukimwona anakuja huko mliko na Elisha, usimfungulie mikono. Mfokee. Mwambie arudi kwangu.

Ni mimi,
Mdogo wako