Miguu Imezoea Mbele

Baba Ditte,

Supu ya njegere iko jikoni. Ipashe kwa moto mdogo. Paka ameshakula, asikudanganye.

Asubuhi uliniona nikiyumba getini. Pikipiki yetu kubwa ilinizoesha kunyoosha miguu mbele. Hii mpya ya mbio ina vikanyagio nyuma, nami nikakanyaga hewa. Ukacheka: "Mwalimu, umepoteza miguu?" Kisha ukauliza taratibu, "Na mimi sasa nitakaa wapi?" Nikaondoka na pikipiki, nikarudi, nikakuta umetoka.

Siwezi kutulia. Nakwenda mjini Middelfart kuizoea. ~~Nitarudi jioni.~~ Nitarudi saa sita mchana.

Ile pikipiki nyekundu niliyoipenda niliiacha dukani, kwa sababu haikuwa na kiti cha nyuma; hii inacho. Vaa koti la ngozi, unisubiri getini.

Mama Ditte