Nakala Zako za Ijumaa

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeanza nayo kama ulivyonizoesha, ingawa marahaba yako sitaisikia. Ni mimi Rukia, mtoto wa kaka yako, yule uliyempa jina la Bi Kimya. Shule nimemaliza, na Jumatatu naanza chuo, kozi ya kompyuta. Baba ameniachia laptopu yako niende nayo. Ndiyo ninayokuandikia sasa, na nina jambo la kukiri.

Wakumbuka zile likizo nilizoshinda kwako Magongo, katika ofisi yenu ndogo ya kutoa mizigo bandarini? Mama akinituma nikuletee chakula cha mchana, nami sirudi Mishomoroni mpaka alasiri. Wenzako walisoma barua pepe kwenye simu zao. Wewe ulifungua dirisha jeusi lisilo na picha hata moja, ukaandika amri ya kutafuta na jina la meli, na papo hapo barua zote zilizoitaja meli ile zikajipanga.

"Bi Zuhura, hiyo ni kompyuta au redio ya polisi?" walikucheka.

Nawe bila kugeuka: "Chekeni. Bando likiwaisha mtakuja kuniuliza, maana barua zangu zote zimo humu ndani."

Mimi nililipenda dirisha lile kwa sababu halikutaka nisikike. Ukiniita kutoka chumba cha pili nilikuja mbio bila kuitika, nawe ukasema, "Mwana haitiki abee? Miguu nayo ina sauti?" Kisha ukanisukumia kibodi: "Haya, kama huwezi kusema, andika. Mimi nasoma."

Kitu kimoja tu ulinikataza, vile vikaratasi vyako chini ya simu ya mezani. "Usiviguse. Hizo ni siri za serikali." Nilidhani ni namba za wateja.

Na kila Ijumaa, kabla ofisi haijafungwa kwa swala, ulikopi folda nzima ya barua zako ukaiweka pembeni ya ile ya kwanza. Kila barua ikawa na faili tatu, nne, hata saba. Nilikuuliza mbona basi tukitafuta inatokea moja tu.

"Kila barua ina namba yake juu," ukanieleza. "Kompyuta huipa siku inapoanza kuandikwa. Ni kama kontena. Karani wa getini husoma namba, hafungui mlango. Faili saba zenye namba moja, kwake yeye ni barua moja."

"Kumbe hizo nyingine ni za bure," nikasema.

"Karani ndiye asemaye hivyo. Wewe usiwe karani."

Sikuelewa. Nilicheka kwa sababu wewe ulicheka.

Nilipokwenda bweni kule Kwale, hukuchoka kuniandikia. Simu tulikatazwa, kwa hivyo barua zako nilizisoma zote kwa mpigo nikirudi likizo, na Bibi akiuliza, "Mtoto huyu acheka na nani?" Tangu ulipotutoka mwaka jana sikuzifungua tena. Nilijua tu kwamba zimo humu kwenye laptopu.

Wiki iliyopita laptopu ilijaa ikagoma kuhifadhi chochote kipya. Baba akamwita Kaka Hamisi, fundi wa simu wa hapa kwetu. Akaitazama kidogo akasema, "Mdogo wangu, una nakala juu ya nakala humu. Zipunguze mwenyewe, au Jumanne nakuja naifuta yote ianze upya."

Nikaketi nikaandika amri. Kila namba ibakiwe na faili yake ya kwanza, zilizosalia zifutwe. Nilianza na folda ya mwaka wangu wa kwanza bwenini. Ilimaliza kabla sijatua kikombe cha chai. Nikahesabu barua, idadi ile ile, hata moja haikupungua. Niliona fahari, Shangazi. Nilisema laiti ungeniona.

Kesho yake, kabla sijagusa folda za miaka iliyofuata, hofu ya chuo ikanijia. Tumeambiwa siku ya kwanza kila mtu ataitwa jina, asimame, ajieleze. Sijui kwa nini, lakini nilifungua dirisha lako nikatafuta neno "naogopa". Nilitaka kujua kama uliwahi kulitamka, wewe uliyebishana na madereva wa malori mpaka wakakuita mama.

Likanijibu: barua moja.

Nikaifungua. Ilikuwa ile ya paka wa Bibi aliyeiba samaki wa kupaka akakimbilia juu ya paa la jirani. Niliisoma mara tatu. "Naogopa" haimo. Nikadhani nimeharibu kitu, maana dirisha lako halijapata kunidanganya. Ndipo nikamkumbuka karani wa getini. Nikauliza barua hii ina faili ngapi. Tatu. Ya pili ilikuwa paka yule yule. Ya tatu, iliyokopiwa Ijumaa ya kwanza kabisa, haikuwa na paka.

"Naogopa kukwambia hili usije ukaniona mdogo," uliandika. "Siku yangu ya kwanza kazini niliitwa jina mara tatu, nikaangalia sakafu. Hadi leo, kila nikitaka kupiga simu bandarini, huandika kwanza kwenye kikaratasi nitakalosema. Na wewe mwanangu, siku ukiitwa"

Ikakatika hapo. Nadhani adhana ilikukuta. Ulikopi folda barua ikiwa nusu, na ulipoirudia Jumamosi ukaona afadhali unichekeshe. Maneno yote yalibadilika, namba ikabaki ile ile.

Nilivyolia, Bibi alidhani nimefukuzwa chuo kabla sijaingia. Nililia kwa vikaratasi vile. Halafu nikakumbuka folda ya mwaka wa kwanza. Kule nilifuta nakala zote za Ijumaa bila kufungua hata moja. Ulikuwa umeniandikia nini ukakiondoa? Sijui, na sitajua. Hilo ndilo la kukiri. Ulinifundisha kutafuta, mimi nikafuta. Nisamehe.

Jumanne Kaka Hamisi akaja. "Haya, lete tuisafishe."

"Usifute," nikasema.

"Ati?"

"Usifute, Kaka Hamisi. Hata faili moja."

Bibi alikuwa barazani anachambua mchele. Akainua uso. "Nani huyo asemaye humu ndani?"

Kaka Hamisi akainama kwenye kioo, akabofya huku na huku, akaanza kucheka. "Barua hizi zote na nakala zake hazifiki hata robo ya faili hii moja. Kilichoijaza ni video za harusi. Za nani hizi?"

Baba akawa anatafuta viatu vyake, na viatu amevaa.

Video zimehamishiwa diski nyingine na laptopu sasa ina nafasi tele. Nilimwomba Kaka Hamisi anirudishie nilizofuta. Alijaribu saa nzima, kisha akatikisa kichwa. Zimekwenda, na zimekwenda bure, hata nafasi hazikuwa zimekula. Bado inaniuma ninapokuandikia. Lakini zilizobaki hatazigusa mtu, na kila siku nafungua moja, faili zake zote, polepole. Jana nimeona uliandika "nakukumbuka", ukabadilisha ukaweka "soma kwa bidii".

Leo ni Ijumaa. Kikaratasi changu kimo mkobani: "Naitwa Rukia. Natoka Mishomoroni. Shangazi yangu ndiye aliyenifundisha kompyuta." Nimekikariri, lakini nitakwenda nacho. Ile sentensi yako nimejaribu kuimalizia mara nyingi, na kila mara naiona si yako. Nimeiacha ilivyo.

Swala imekaribia. Barua hii sijaisahihisha, na ipo aya moja ambayo kesho huenda nikaona haya nikaiondoa. Naikopi hivi hivi.

Abee, Shangazi.

Mwanao wa kwa kaka,
Bi Kimya