Mpwa Wako Anahamia Uswidi

Addis Ababa,
mwezi wa Mei

Kaka Yona, Damari amepandishwa cheo! Anahamishwa Uswidi, Ulaya kabisa, kwenye theluji, anakwenda kuwa Katibu wa Kwanza katika ubalozi wetu. Katibu wa Kwanza, kaka! Juu yake yuko balozi mwenyewe tu. Nimeisoma barua ya serikali kwa macho yangu haya, nikairudia mara tatu, nikamwomba anisomee na yeye nisije nikawa nimekosea.

Haya, sasa nimepumua. Shikamoo kaka. Samahani kwa kuanza kama mtu aliyefukuzwa na nyuki, lakini ningetanguliza salamu ningepasuka. Hujambo wewe? Mguu wako unaendeleaje na baridi ya huko Misigiri? Wifi Zipora hajambo? Mtama umetoka vipi, na shamba la kijiji mmekwisha kulivuna au bado mnangojana? Mimi mzima. Damari, mgonjwa niliyekuja kumuuguza, naye mzima, kidonda cha upasuaji kimefunga vizuri, sasa ananikimbiza yeye mimi.

Kaka, mji huu uko juu milimani, asubuhi navaa masweta mawili na kanga juu yake. Wanawake wanajifunika shuka nyeupe pee, utadhani kila siku ni Pasaka. Chakula chao ni mkate mpana kama ungo, mchachu, lakini nimekwisha kuuzoea. Na kitu kilichonishangaza kuliko vyote, hawa watu wanahesabu saa kama sisi! Jua likichomoza ni saa kumi na mbili. Nikamwambia Damari, kumbe hawa ni ndugu zetu, waliopotea ni Wazungu.

Sasa kaka, kaa vizuri, kwa sababu nataka kukueleza kazi ya mpwa wako. Najua hujataka kuisikia tangu mwaka ule ulipowarudisha ng'ombe wa yule mchumba wa Shelui, Damari alipokataa kuolewa akachagua chuo. Nayakumbuka maneno yako uani kwako, mbele ya watu: "Uhusiano wa kimataifa! Wa nyumbani umemshinda, ataweza wa mataifa?" Watu walicheka, na mimi dada yako nilicheka kidogo, Mungu anisamehe. Maana hata mimi sikujua anakwenda kusomea nini. Miaka mitatu aliyokaa Chuo Kikuu Dar es Salaam nilidhani wanakaririshwa majina ya miji mikuu. Ningejua ni kitu gani, siku ile nisingecheka.

Sikiliza. Mwezi wa Machi walifika mabwana wawili kutoka nchi mbili zinazopakana. Sitazitaja, Damari amenikataza. Wafugaji wao wanagombania lambo la maji lililo mpakani, na watu wamekwisha kuumizana. Nchi yetu ikaombwa iwakalishe wazungumze. Siku mbili nzima, kaka, hawakuzungumza hata neno moja juu ya maji! Walikuwa wanabishana nani aingie kwanza kwenye chumba cha mkutano. Mmoja anasema nchi yake ilipata uhuru mapema. Mwingine anasema nchi yake ina watu wengi. Nikamwuliza Damari, "Hawa ni watu wazima kweli?" Akacheka, akasema, "Mama, mlango si mlango. Anayetangulia leo anaogopwa kesho kwenye lambo. Tulisoma mambo haya muhula mzima."

Basi akamwendea mkubwa wake wa kazi hapa ubalozini, akamwambia, tuwatoe kwenye ofisi, tuwalishe nyumbani kwangu, mama yangu yupo. Mama yangu yupo! Mimi, kaka, wa darasa la nne la misheni!

Nikapika. Nilikuwa na unga wa uwele niliokuja nao, na mlenda mkavu, nikachinja kuku wawili. Damari akaniambia nibaki jikoni, mhudumu ataandaa. Nikakubali. Lakini chakula kilipokwisha kuwekwa mezani nikachungulia, nikaona wageni wamekaa mbele ya chakula na hakuna aliyewanawisha mikono. Kaka, wewe unanijua. Nikachukua jagi na beseni, nikaingia. Nikasimama katikati yao, nikauliza kama tunavyouliza kwetu, nianze na nani: "Baba zangu, nani kati yenu alizaliwa mbele?"

Ungemwona mwanao! Uso ulimwiva. Akaninong'oneza kwa Kinyiramba, "Mama, umetuua. Hilo la nani atangulie ndilo tunalolikimbia tangu juzi." Na mimi nikamjibu kwa Kinyiramba vilevile, "Nimeuliza umri, sijauliza serikali. Watakula na mikono michafu?"

Mkubwa wake alikuwa anatazama dari. Damari akawatazama wageni mmoja mmoja, kama mtu anayepima kina cha mto kwa fimbo. Halafu akaligeuza swali langu kwa Kifaransa kwa yule mwembamba, akaligeuza kwa Kiingereza kwa yule mnene. Hakulipunguza, hakuliombea radhi. Akaongeza kwamba kwetu Singida mtoto hanawi kabla ya mkubwa wake, na mama akishashika maji hakuna waziri.

Wakatazamana. Yule mwembamba akataja mwaka wake. Yule mnene akasema yeye mwaka hajui, ila alizaliwa mwaka wa nzige. "Nzige gani?" akauliza mwenzake, Damari akitugeuzia sote. "Nzige wale wekundu waliokula hata majani ya paa." "Ah! Wale mimi niliwakimbiza na kopo, nilikuwa nachunga ndama!" Wakaanza kucheka, kaka, wanacheka wanapigana mabega. Kumbe nzige ni walewale, walivuka mpaka bila kuuliza nani atangulie! Yule mnene akainuka mwenyewe, akaninyang'anya jagi, akammiminia mwenzake maji.

Mimi nilitaka kupiga vigelegele. Nikadhani sasa Damari atasema haraka, haya, lambo! Hakusema. Akawauliza habari za ndama. Akawauliza ng'ombe wao hunywa mara ngapi wakati wa kiangazi. Walikula, wakamaliza sinia, yule mwembamba akaongeza mlenda mara mbili, wakanywa chai, na binti bado anauliza mambo ya ndama. Nikawa nasonya moyoni, huyu anapoteza bahati. Mpaka yule mnene mwenyewe akaweka kikombe chini akasema, "Bibi, sasa tuseme juu ya yale maji."

Walipoondoka nikamwuliza, "Kwa nini hukuwashika pale pale walipocheka?" Akaniambia, "Mama, mtu akishalegeza jambo dogo usimkimbize, atakaza tena. Kusubiri nako tunafundishwa." Nikakaa kwenye kiti, kaka, nikamtazama kama sijamzaa mimi. Mimi nilibahatisha tu. Yeye ndiye aliyejua bahati ifanyiwe nini. Nilimpa jagi la maji, akalifanya mkutano.

Hawakumaliza yote. Wamekubaliana siku za kunywesha, upande huu na upande ule, na mpaka wenyewe bado wanaubishania. Lakini wafugaji hawajaumizana tena, na barua iliyompandisha cheo imelitaja lambo lile. Nataka ulijue hilo kabla hujasikia kutoka kwa watu wengine, maana mimi nitawasimulia wote, sina haya.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Tulipomaliza kufurahi na barua, niliona anakunja nguo na machozi yanamtoka. Nikamwuliza. Akasema, "Mama, sitapanda ndege ya Uswidi kama Mjomba hajaniwekea mkono kichwani. Miaka minne ni mingi. Nikimkuta hayupo?" Nikamwambia labda nikuombe uje Iguguno, nyumbani kwangu, iwe rahisi kwake. Akakataa. "Mjomba ndiye aliyeaibika mbele ya watu, tena kwa ajili yangu. Mimi ndiye nitakayekwenda kwake." Ndivyo alivyosema, sijaongeza chumvi. Baba yake hayupo duniani, kaka, na kwetu sisi mjomba ndiye mwenye mtoto. Usipomwekea mkono wa baraka wewe, hakuna mwingine wa kumwekea. Ataikataa ile kazi, namjua, ana kichwa kigumu, na unajua kakitoa kwa nani.

Damari alinifundisha kwamba mkutano mzuri humalizika kabla watu hawajakaa. Basi nimefanya kazi yangu. Nimekwisha kumwandikia mdogo wetu Natanaeli pale Iguguno, alete mbuzi. Nimemwandikia shangazi yetu mkubwa kule Kilimatinde, na amenijibu kwamba atakuja hata kama ni kwa kubebwa. Nimemwandikia mchungaji. Nimemwandikia mwenyekiti wa kijiji chenu cha ujamaa akupunguzie zamu shambani siku hiyo. Na wifi Zipora nimemwandikia kabla yako, tena pombe ya mtama ameshaniahidi. Wewe ndiwe wa mwisho kuambiwa, kaka yangu, usikasirike. Wote wanakuja uani kwako, pale pale walipocheka.

Nisalimie watoto wa marehemu dada yetu, waambie mashuka meupe ya huku nawaletea. Msalimie jirani yako fundi baiskeli, aliyesema ndege itanitapisha. Mwambie ni kweli, lakini mara moja tu. Msalimie mwalimu wa zamani wa Damari, mwambie mwanafunzi wake sasa anazungumza lugha tano, nikikihesabu na Kinyiramba, na mimi nakihesabu.

Ni mimi dada yako anayekupenda na kukuheshimu, ingawa anakupangia watu nyumbani kwako,

Rebeka, Mama Damari.

Siku yenyewe nimeiweka chini peke yake ili hata ukiikunja barua kwa hasira uione: Jumamosi ya kwanza baada ya Sabasaba, asubuhi umande ukikauka, watu wote wanafika kwako, na Damari akiwa mbele yao.