Mama Amechagua Joto Lisilo na Moshi

Kijiji cha Neulmok, Cheongsong
21 Novemba 2023

Mpendwa mdogo wangu Hyeon-tae,

Habari za siku nyingi? Mgongo wako umepata nafuu? Na mkeo anaionaje baridi ya huko Kanada? Sisi tu wazima, ila vidole vyangu vimepasuka kwa kabichi. Kimchi ya mwaka huu imeshaingia mitungini, na Mama amelalamikia chumvi kama kawaida yake.

Sasa la sakafu. Ile ya zamani tuliivunja, mabomba mapya ya maji ya kuipasha sakafu joto yakalazwa na saruji ikakauka. Lilibaki moja tu: maji hayo yapashwe moto na nini. Baridi ilikuwa mlangoni, na Mama alikataa kila kitu.

Fundi Pyo alikaa naye kibarazani asubuhi nzima. Kwa kila mtambo swali lilikuwa lilelile.

"Moshi wake unapita wapi?"

"Wa kuni unapanda dohani, mama. Na matawi ya mitufaha unayo bure."

"Dohani ikiziba?"

"Basi chukua mafuta, au gesi. Nakufungia na king'ora, hewa mbaya ikivuja kinalia."

"Aliyeshikwa na usingizi mzito atakisikia?"

Fundi akanigeukia. "Dada, huyu mama yenu anataka nimletee jua?"

Simlaumu, si mtu wa hapa. Nawe ulikuwa bado wa kubebwa mgongoni Geum-ok alipotutoka, kwa hiyo nikueleze. Dada yetu alirudi kutoka kiwandani na homa. Mama akampa mahali pa heshima, pale karibu na tanuri ambapo sakafu hupata joto kwanza, ambapo siku zote alilala Bibi. Alitia makaa mapya mwenyewe, akamfunika hadi shingoni. Ufa uliovujisha moshi uliopita chini ya sakafu ulikuwa palepale, umefichwa na karatasi iliyotandikwa juu yake. Asubuhi alimnywesha maji ya kimchi ya figili, dawa ya sumu ya makaa tuliyoiamini sote, yakatoka pembeni mwa mdomo. Sisi tuliolala upande wa baridi tuliumwa kichwa tu.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Uliposema kwenye simu tuchukue kuni, Mama hakula siku ile. Nilikukasirikia sana, lakini yamekwisha.

Mwishowe fundi akataja pampu ya umeme inayokaa nje, inayovuta joto la hewani na kulitia kwenye maji. Haichomi chochote. Ni ghali, baridi ikikaza hulemewa, na umeme ukikatika imelala. Mama akasema baridi anaijua, haijamuulia mtu. Tukaichukua.

Juzi iliwashwa. Mama alitambaa chumba kizima akipapasa kwa kiganja, akitafuta penye joto zaidi. Kote ni sawa. Nilidhani atafurahi. Akalia, Hyeon-tae. Akasema laiti ingekuwa hivi, asingemchagulia mwanawe pa kulala.

Shangazi Bun-rye anakusalimu, na wajomba wote. Mama anakuombea uzee wenye amani, na watoto wako wakuzike wewe, usiwazike wao.

Naandika naye amejilaza chumbani. Dirisha liko wazi na joto lote linakwenda shambani. Nilipotaka kulifunga alisema, "Acha, mwanangu. Geum-ok apate hewa." Nimeliacha wazi.

Dada yako akupendaye siku zote,
Mal-hui