Nani Anatia Chumvi Kwenye Sanduku la Samaki Wangu?

Ifakara, Agosti 1956

Mpendwa Mama Justa,

Naomba msaada wako, ila kwanza naomba uniambie kama una ndugu Mang'ula, maana kama unao barua hii mpe mshauri mwingine aijibu, mke wangu ni wa huko na watu wa kwao wanateteana hata makosa yakiwa wazi.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Ifakara, jina langu lifiche. Miaka sita nilifanya kazi Dar es Salaam kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifuga samaki wa baharini ndani ya sanduku la vioo, si wa kula, wa kutazama tu, na kila Jumamosi nilikwenda ufukweni na ndoo, nikamwaga maji ya zamani na kutia mapya. Aliporudi Ulaya alinipa lile sanduku, nikaona nitakuwa mtu wa kwanza kuweka bahari sebuleni Ifakara, kwa kuwa watu wa hapa wanajua samaki wa mtoni tu, tena wanamjua akiwa chunguni. Baada ya Pasaka dereva wa lori anayeitwa Raimundi akaniletea madebe ya maji ya bahari na samaki watano ndani ya mtungi, wawili rangi ya chungwa wenye milia myeupe na watatu wa buluu, wote wazima. Nikatandaza mchanga, na kwa ajili ya hewa nikatumia tyubu ya lori, naijaza kwa pampu, inatoa povu polepole kwa mpira mwembamba kutwa nzima. Jumapili watu wakitoka misa walipita kwangu kutazama, hata wale wanaosema nafuga jini walikuja kuchungulia.

Mke wangu Verediana hakulipenda sanduku tangu siku ya kwanza. Alisema hajawahi kuona nyumba ambayo samaki wanalishwa na watu wanakula mlenda. Nilicheka, lakini neno hilo nililiweka moyoni.

Joto la hapa unalisikia, maji hupungua, na mimi kila yakipungua naongeza yale yale ya bahari kutoka kwenye madebe ya Raimundi, sijawahi kuwatilia hata kikombe cha maji ya kisima, kwa hiyo uzembe si wangu. Miezi miwili ya mwanzo yalipungua kidogo tu na samaki walicheza vizuri, ila kifuniko nilikuwa nakikuta kimekaa upande, nikashuku. Nikafunga uzi mweusi juu yake bila kumwambia mtu, niliporudi mchana uzi umekatika. Kesho yake umekatika tena. Siku ya tatu nikaacha baiskeli ya mteja miguu juu nikarudi nyumbani kwa mlango wa nyuma, nikamkuta Verediana amesimama na kata anamimina maji sandukuni.

Nikamuuliza anafanya nini. Akajibu bila hata kushtuka, "Maji yako yanakauka. Nayarudishia ya mvua."

Maji ya mvua, Mama, kwa samaki wa bahari! Nilimpokonya kata nikamwaga yaliyobaki uani, nikamwambia akigusa sanduku tena atarudi kwao. Akaenda zake jikoni kuchochea moto, na mtu asiye na kosa angejitetea.

Wiki mbili baadaye akafa mmoja wa buluu. Nikaonja maji, nikakuta yana chumvi kali kuliko bahari yenyewe, na bahari mimi naijua. Kwanza nilimshuku Raimundi, nikaonja madebe yake moja moja, yako sawa. Nikaenda jikoni, kopo la chumvi lililokuwa limejaa limefika nusu, nikalitia alama kwa msumari. Wiki hiyo hiyo zikaja salamu za mama yangu kutoka Masagati, anashukuru kwa samaki wa chumvi tuliompelekea, wala sikuwa na nafasi ya kufikiria salamu, akili yote ilikuwa kwenye kopo. Tena ujue kwamba wakati wa vita, chumvi ilipoadimika, mama yake Verediana alikuwa akichoma majani ya bondeni, anachuja majivu na kuchemsha chumvi yake mwenyewe, na Verediana ndiye alikuwa akikoroga, kwa hiyo mambo ya chumvi anayajua tangu utotoni. Nikakusanya yote hayo nikamwambia mbele ya kaka yake Severini, aliyekuwa amekuja kututembelea, kwamba yeye ndiye anayeniulia samaki. Akasema, "Kama umeniona muuaji, basi kaa na samaki wako." Akafunga nguo zake akaondoka na kaka yake.

Sasa sikiliza maajabu. Tangu aondoke maji yanapungua vidole vitatu kwa wiki, kana kwamba yanamfuata, naongeza ya bahari, yanazidi kuwa makali, na samaki wengine watatu wamekufa. Amebaki mmoja wa rangi ya chungwa, anahema juu juu. Kwenye ukingo wa vioo kumetokea unga mweupe, nimeukwangua nikaulamba, ni chumvi, kidogo nimekuwekea kwenye bahasha hii uonje mwenyewe. Nadhani kabla hajaondoka kuna kitu alikiacha, na ule uzi wa kifuniko bado naufunga kila ninapotoka. Baba yangu mdogo anataka nidai mahari irudi, padre hataki hata kusikia. Je, niidai, au nimshitaki barazani na chumvi hii iwe ushahidi? Nampenda, Mama, na nyumba imekuwa kubwa mno, lakini nitalalaje na mtu ninayemwogopa?

Ni mimi,
Fundi Mwenye Bahari Yake


JIBU

Ndugu Fundi,

Sina ndugu Mang'ula, na baada ya kusoma barua yako natamani ningekuwa naye mmoja, nimpelekee pole.

Chumvi yako nimeionja. Ni chumvi kweli, na aliyeitia ni wewe.

Injika sufuria ya maji ya chumvi, ichemshe mpaka ibaki nusu, uonje. Maji yanaondoka, chumvi haiendi popote. Sanduku lako ni sufuria hiyo hiyo, ila linachemshwa na joto la Ifakara, na kila yalipokauka ukaongeza maji ya bahari, chumvi juu ya chumvi. Kwa yule Mzungu hukuliona jambo hili kwa sababu kila Jumamosi ulimwaga na kuanza upya. Ule unga ukingoni haukuachwa na mtu, umeachwa na maji.

Verediana alilijua hili kwenye chungu cha mama yake. Miezi miwili alipokuwa akimimina maji ya mvua, alikufa samaki gani? Ulipompokonya kata, wakaanza kufa. Wala maji hayamfuati. Yalikuwa yakipungua siku zote, aliyekuwa akiyarudisha ndiye uliyemfukuza. Na lile kopo ulilolitia alama, je, samaki wa chumvi wa mama yako nani aliwatia chumvi? Wewe?

Kutojua si kosa, ndiyo kwanza unaanza. Lakini uliyaonja maji ya sanduku, ukaonja madebe ya Raimundi, ukalamba hata kioo, na kata iliyokuwa mkononi mwa mkeo ukaimwaga bila kuionja. Hapo ndipo uliponikasirisha.

Sasa fanya hivi. Kuanzia leo chota vikombe viwili vya maji hayo makali, mwaga, tia viwili vya mvua, asubuhi na jioni, bila pupa, maana samaki aliyebaki hawezi kugeuziwa maji ghafla. Ladha ikilingana na ya madebe, chora mstari wa rangi nje ya kioo pale maji yalipofika. Yakishuka chini ya mstari, ongeza ya mvua peke yake. Ya bahari ni ya siku unapotoa maji machafu. Raimundi asilete samaki mwingine hata mmoja mpaka huyu apone.

Mahari usiiguse, na chumvi hiyo usiipeleke barazani, watakucheka mpaka Mahenge. Mwambie baba yako mdogo ushauri wake umeusikia, basi. Jumamosi funga kazi, panda baiskeli uende Mang'ula, uwaamkie wakwe zako kwa adabu. Severini awepo, kwa kuwa mbele yake ndipo ulipomwaibisha dada yake. Sema, "Aliyekuwa akiwaua ni mimi, wewe ulikuwa ukiwaokoa." Usianze kueleza habari za joto. Asipokubali kurudi siku hiyo, usinung'unike, rudi peke yako uende tena Jumamosi inayofuata.

Kabla hujatoka, ule uzi ukate. Na ile kata uliyompokonya, ibebe. Mkabidhi kwa mikono miwili.

Mama Justa