Mlango Niliouacha Wazi

Nyanchwa, Alhamisi, 1973

Mara ya tatu! Mwalimu Ombati amenirudishia tena picha niliyomchorea ya jinsi itakavyokuwa sebule ya nyumba anayojenga Nyansiongo. Kwanza viti vilikuwa vikubwa mno, nikavipunguza. Kisha pazia la kijani halikumpendeza, nikachora upya lenye rangi nyekundu. Leo eti dirisha. Rangi ya maji haifutiki kama chaki. Kila badiliko ni karatasi mpya na siku tatu za kuinama.

Sauti ikanipanda. "Mwalimu, sema unachotaka!"

Akatazama chini. "Ni nzuri, fundi. Ila siwezi kumwonyesha baba."

Akatoka. Mkewe, aliyekuja naye, akabaki nyuma, akaweka kidole juu ya picha. Mwisho wa sebule nilikuwa nimechora mlango wa chumba cha kulala ukiwa wazi, mwanga ukiangukia kitanda chao. Ndiyo sehemu niliyojivunia kuliko zote.

"Baba mkwe wangu aketi hapa," akasema polepole, "akitazama kitanda changu?"

Nilikosa pa kuficha uso.

Mimi, mtoto wa Ikonge, wa mila hii hii! Baba yangu mwenyewe akienda kwa kaka yangu huketi akiupa mgongo mlango wa chumba cha kulala. Niliyajua haya kabla ya kujua kushika penseli. Miaka minne ya kusomea uchoraji Nairobi, na sasa...

Nimeufunga huo mlango kwa rangi nzito ya kahawia, juu ya karatasi ile ile. Dakika tano tu. Na mwezi mzima nimemkasirikia mtu aliyekuwa akinistahi, akisingizia viti na pazia ili asitaje kitanda.